Nyayo za Chinyelele

Yaledi Chiwanga hakuwa na shahada ya ng'ambo, hakuwa na mjomba serikalini, wala hakuwa na sauti ya kutisha watu mkutanoni. Hakuwa na mke. Aliyekuwa naye alichoka kumngoja arudi kutoka porini na vyombo vyake vya kupimia. Hakuwa na jino moja la mbele, kwa hiyo alijizoeza kucheka mdomo ukiwa umefumbwa. Hakuwa na shamba wala kiwanja, na kwa hili watu walimtania sana, kwa kuwa ndiye aliyewagawia wengine nchi. Na asubuhi ile, akiwa amesimama peke yake katikati ya Ukumbi wa Kesho, alipungukiwa na kitu ambacho miaka yote hakikuwahi kumpungukia kazini. Hakuwa na hakika.

Alichokuwa nacho ni mhuri, na siku moja ya kuutumia.

Sakafu ya ukumbi ule ilikuwa nchi yenyewe, imelazwa chini ya kioo: vilima, mabonde, mbuga, hadi kichaka. Mstari mwekundu, uliokuwa reli ya umeme na ulioitwa Mshipi, ulitoka mji wa Makutano Mapya ukaja magharibi hadi kwenye ncha za viatu vyake, hapo ukakatika. Mbele yake ncha mbili nyembamba zilicheza kama ulimi wa kenge. Moja ilielekea bonde la Chinyelele, penye mto wa mchanga. Nyingine ilipanda mwinuko wa Mgori. Ile itakayotiwa mhuri ndiyo itakayopata kituo cha kumi na moja. Ile nyingine itazimwa.

Katika nchi ile reli haikuwafuata watu, watu ndio walioifuata reli. Babu zao walijenga kwanza, kisha wakalilia barabara, kisha maji, kisha shule, na miji ikatambaa kama mboga ya maboga hadi ikayafunika mashamba yaliyoilisha. Wajukuu waliposhikwa na njaa wakapitisha Sheria ya Mshipi: njia kwanza, nyumba baadaye. Ardhi iliyo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kituoni iliitwa ardhi hai. Hiyo ilipewa maji, umeme, shule, zahanati na ruhusa ya kujenga. Iliyobaki nje iliitwa ardhi ya mapumziko. Jina ni zuri. Lakini mwenye nyumba katika ardhi ya mapumziko aliruhusiwa kufia ndani yake tu. Hakuruhusiwa kuiezeka upya wala kumrithisha mwanawe.

"Nionyeshe miaka arobaini ya Chinyelele," Yaledi alisema.

Mtambo ulioitwa Mtabiri ulitii. Bondeni kukaota paa moja, kisha kumi, kisha maghorofa yakabanana kama meno ya msumeno. Chini yake maji ya mto wa mchanga, yaliyochorwa kwa uzi wa buluu, yakaanza kukonda. Kwenye mwaka wa ishirini na tano uzi ulikatika, na visima vya Makutano Mapya, vilivyounganishwa na uzi uleule, vikageuka kijivu kimoja baada ya kingine.

"Maji yatakwisha," sauti ya Mtabiri ilisema bila huzuni. "Hasara inakubalika. Nyayo zinatosha."

Nyayo ndizo zilizokuwa kura za nchi ile. Kila raia alivaa mguuni kikuku cha kuhesabiwa, kisicho na jina, na Mtabiri akajua watu wanatoka wapi, wanakwenda wapi na ni wengi kiasi gani. Njia ilipelekwa palipokanyagwa. Chinyelele, kijiji ambacho Yaledi alikijua kwa kuwa alizaliwa huko, kilikuwa kimekanyagwa mwaka ule kuliko hata kitongoji cha mjini.

"Nionyeshe hizo nyayo. Siku moja, toka alfajiri."

Nukta za njano ziliwaka. Zilitoka kijijini kwa pamoja, zikatawanyika kuelekea kusini, zikasogea polepole. Jua la utosini lilipofika zikakusanyika kando ya mto, na hapo zikatulia. Zote. Hazikusogea hata hatua moja kwa muda mrefu, kisha zikainuka karibu kwa pamoja na kurudi zilikotoka.

Mhandisi wa mjini angesema hilo ni soko. Lakini sokoni watu hawatulii. Yaledi, aliyechunga katika bonde lile hadi alipoota ndevu, alijua ni viumbe gani hushiba asubuhi, wakanywa maji, wakalala kivulini wote kwa pamoja kucheua.

Alicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisahau kufumba mdomo. Wazee wamewavika ng'ombe vikuku! Kisha akautazama ule uzi wa buluu uliokatika, na kicheko kikamkauka.

"Bado unazungukazunguka juu ya nchi kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Aliyeingia alikuwa Mkurugenzi wa Mipango, Bi Theonestina Rwegoshora, mwanamke mrefu aliyevaa miwani kifuani kwa mkufu, asiyeivaa machoni ila anapotaka kumkaripia mtu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Waziri anakuja kesho kuweka jiwe la msingi. Jiwe lenyewe limekwisha chongwa, linangoja jina tu. Mtambo umesema Chinyelele. Kwenu! Mtu mwingine angekuwa ameshachinja mbuzi."

"Naomba nipewe hadi jioni. Nataka nikapakanyage mwenyewe."

"Jioni, Yaledi. Jua likizama na mhuri haujapigwa, natafuta mkono mwingine."

"Mama, kijiji kikigundulika kimechezea hesabu ya nyayo, kinafanywaje?"

Bi Rwegoshora aliivaa miwani. "Kinafutwa. Vikuku vyao vinazimwa vyote. Zahanati haiwaoni, shule haiwaoni, hata treni ikipita mlangoni haitawafungulia. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Mpangaji wa ardhi haulizi tu," alisema, akatoka.

*

Alichukua kiberenge cha ukaguzi hadi mwisho wa reli, penye rundo la mataruma ya kulazia reli yanayongoja amri yake. Kutoka pale alitembea. Njiani aliwaona. Walikuwa wamelala chini ya migunga, taya zikienda kulia na kushoto, na katika mguu wa kila mmoja kikuku cha Jamhuri kiking'aa. Fahali mmoja alikuwa na viwili.

Shangazi yake, Mbeleje, alikuwa mtoni, amepiga magoti ndani ya shimo la mchanga, akichota maji kwa kibuyu. Mto ule haukuwa na maji ya kuonekana ila siku chache za masika. Maji yake yaliishi chini ya mchanga, yamejificha jua, na watu wa Chinyelele waliyafukua kwa mikono. Aliposikia hatua hakugeuka.

"Huyo anakanyaga kwa kisigino kama baba yangu," alisema. "Karibu, baba."

Alimwita baba kwa sababu Yaledi lilikuwa jina la baba yake yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na mke au umekuja na tarakimu?"

"Nimekuja na ng'ombe, shangazi. Nimewakuta wanapumzika hapo juu, wamevaa vizuri kuliko mimi."

Kibuyu kilisita. Kisha Mbeleje akakijaza, akakiweka kando, akatoka shimoni na kukung'uta magoti. Hakuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Tuliwaza mtakuja mapema zaidi," alisema. "Nikawaambia wenzangu, wale wa mjini hawatajua. Hawajawahi kumngoja ng'ombe amalize kucheua."

"Mmevipata wapi vikuku vyote vile?"

"Ni vya watu wetu. Hiki ni cha mtu aliyekufa, kile ni cha aliyehamia mjini akapewa kipya huko. Mlipozima shule wakaondoka wenye watoto. Mlipopunguza dawa wakaondoka wenye kifua. Vikuku vikabaki vinaning'inia ukutani. Tukasema, kama waliokwenda hawawezi kutembea hapa, basi ng'ombe wawatembelee."

"Ni udanganyifu, shangazi."

"Ni udanganyifu, ndiyo. Sikatai. Ila niambie wewe uliyesoma: mtambo wenu unamwona ng'ombe wangu unasema ni mtu. Mimi uliniona miaka yote ukasema si kitu. Nani aliyeanza kudanganya?"

Yaledi alichuchumaa, akachota mchanga ukamwagika kati ya vidole, akaanza kumweleza alichokiona: maghorofa, ule uzi unaokonda, visima vya mji mzima kugeuka kijivu.

Mbeleje alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo tukipata kituo, mto unakufa."

"Unakufa."

"Na tusipokipata, tunakufa sisi."

"Mtakuwa ardhi ya mapumziko."

"Usinipambie kwa maneno." Alichukua kanga aliyokuwa ameitandika mchangani, akajifunga kiunoni kwa nguvu kama mtu anayejiandaa kupigana. "Mto huu umekuwa mzima kwa sababu gani? Kwa sababu hatukukata miti ya ukingoni. Kwa sababu hatukujenga juu yake. Mwaka juzi yalikuja malori kutoka huko kwenu kuchota mchanga wa kujengea. Tulilala mbele ya magurudumu, na bibi mmoja akamwaga uji wa moto kwenye kiti cha dereva. Hawajarudi. Hayo mtambo wako unayo?"

"Hauna."

"Basi. Tumelinda maji ya watu wa mjini, na kwa kuyalinda tumebaki wachache, na kwa kuwa wachache tunafutwa. Ningekuwa msomi ningelitafutia jina jambo hilo." Aliinama akaokota kibuyu chake. "Tia mhuri, baba. Au usitie. Lakini usipotia, kwenye msiba wangu usije na hotuba."

*

Jua lilikuwa limeanza kulala aliporudi ukumbini. Bi Rwegoshora alikuwa ameketi juu ya kilima cha Mgori, yaani juu ya kioo chake, akinywa chai. Kikombe cha pili kilikuwa kando.

"Ng'ombe," alisema kabla Yaledi hajafungua kinywa.

"Mama anajua?"

"Ulipotoka nilizitazama nyayo na mimi. Babu yangu alikuwa na ng'ombe, wenye pembe ndefu kuliko hizo zenu." Alimsogezea kikombe. "Keti, unywe. Nikiripoti haya kwa niaba yako, kijiji chenu kinafutwa kesho. Sitaki, na wewe hutaki. Lakini sheria inakupa ruhusa ya kurekebisha uzito. Punguza uzito wa nyayo, ongeza wa maji. Hutaji ng'ombe. Mshipi utapanda Mgori wenyewe, mto utapona, na kijiji hakitashtakiwa. Watazeeka kwa amani."

"Na wakishazeeka?"

"Kila mtu huzeeka, Yaledi."

Lilikuwa shauri la mtu mwema, na hilo ndilo lililomtisha. Alikunywa chai, ikamuunguza ulimi, akaenda kwenye meza ya mizani. Alipunguza nyayo. Aliongeza maji. Ncha moja ya ule ulimi wa kenge ilizimika na nyingine ikanyooka hadi Mgori.

"Miaka arobaini," aliamuru.

Mji uliota mwinukoni, mweupe, wenye bustani. Bondeni Chinyelele ilififia paa kwa paa hadi pakawa kichaka. Chini yake uzi wa buluu ulibaki mnene.

"Umeona?" Bi Rwegoshora alisema kwa upole. "Piga mhuri tukalale."

Yaledi aliunyanyua mhuri. Ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mkono ulikuwa umekwisha kushuka nusu ya njia alipousimamisha.

"Mama, huo mji wa Mgori umejengwa kwa mchanga wa wapi?"

"Wa wapi? Wa… mchanga ni mchanga."

"Mtabiri, mchanga wa kujengea Mgori umetoka wapi?"

"Swali hilo halimo katika mizani," mtambo ulijibu.

"Liweke. Malori yanachota palipo karibu na pasipo na mtu wa kuyazuia."

Sakafu ilitulia, ikawaza. Kisha miaka ikaanza upya. Mwinukoni maghorofa yaliinuka kama mwanzo, lakini safari hii doa jeusi lilitokea bondeni, likapanuka, likaufuata mto kwenda juu na chini. Maji yaliyokuwa yamejificha chini ya mchanga yakabaki uchi juani. Uzi wa buluu haukungoja mwaka wa ishirini na tano. Ulikatika mwaka wa kumi na sita.

Visima vya Makutano Mapya viligeuka kijivu hadi kile cha mwisho, na Bi Rwegoshora akainuka kutoka pale alipoketi kana kwamba kioo kimemchoma.

"Tukiwapa kituo, mji wao unakula mto," Yaledi alisema. "Tukiwanyima, mji wetu unaula. Mto unaishi kwa kitu kimoja tu, watu wachache wanaokaa pale na kukataa. Wanahitaji treni isimame, mtoto aende shule, mgonjwa apate dawa, nyumba ipate paa jipya. Hawahitaji ghorofa hata moja."

"Kituo kisichoamsha ardhi? Sheria haina kitu hicho. Kila kituo huamsha ardhi. Ndiyo maana yake!"

"Basi sheria imepungukiwa."

"Wewe ndiye wa kuijazia?"

"Si mimi. Baraza."

Bi Rwegoshora alijua analolisema. Sheria ya Mshipi iliacha mlango mmoja mwembamba: mpangaji aliweza kukataa kupiga mhuri na kulieleza Baraza la Ardhi sababu zake, kwa karatasi na kwa mkono wake, nayo barua ikasomwa hadharani mbele ya watu. Hadi isomwe, hakuna mkono mwingine ambao ungeruhusiwa kupiga mhuri. Sababu zikionekana nyepesi, mwandishi alivuliwa kazi. Tangu ukumbi ule ujengwe mlango huo haukuwa umefunguliwa na mtu.

"Utaandika nini kuhusu hesabu?" aliuliza. "Watakuuliza, nyayo zote zile, kwa nini Chinyelele usiipe mji mzima? Ukinyamaza, barua haina miguu. Ukisema ng'ombe, unawafuta shangazi zako kwa kalamu yako mwenyewe."

"Wanaweza kuwafuta. Wanaweza pia kusikia."

"Wanaweza!" Alitoa kicheko kikavu. "Unaweka kijiji juu ya 'wanaweza'?"

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Nafsi yake angeiweka rehani bila kufikiri. Kazi hupotea na mtu akala muhogo. Lakini watu wa Chinyelele hawakumtuma awaweke rehani. Alitoka nje hadi kibarazani, akapiga simu. Ililia sana kabla haijapokewa, na nyuma ya sauti ya Mbeleje ng'ombe walikuwa wanarudi zizini.

Alimweleza yote: Mgori, doa jeusi, Baraza, na kituo kisicho na mji. Akamweleza pia kwamba wanaweza kuzima vikuku vyote.

"Shangazi, siwezi kuiandika barua hii kwa ukweli bila kuwataja ng'ombe. Mkikataa, siiandiki. Nitampisha mwingine apige mhuri atakavyo."

Alimsikia akiita mtu, kisha sauti nyingi zikabishana kwa Kigogo, moja ikipanda juu ya nyingine, mwanamume mmoja akapiga kelele kwamba huyu mtoto amelishwa nini huko mjini. Yaledi alisimama na simu sikioni huku kivuli cha nguzo kikimfikia miguuni. Hatimaye Mbeleje alirudi.

"Lechipya, huyo uliyemsikia akipiga kelele, anasema wewe ni mpumbavu."

"Anaweza kuwa sahihi."

"Amesema hivyo, kisha akasema uandike. Wengine wawili wamekataa, nao ujue kwamba wamekataa. Sisi wengine tumechoka kuhesabiwa kwa kujificha." Alivuta pumzi. "Lakini ukiwaandika ng'ombe, waandike kwa majina, wasije wakasema ni wa kuazima. Andika Madoa. Andika Kipara na mwanawe. Andika yule mkubwa, Serikali, aliyevaa viwili."

"Kwa nini anaitwa Serikali?"

"Anakula sana, na hapishi mpaka umpigie makelele. Umeandika?"

"Naandika, shangazi."

"Jina langu litangulie yote. Kikuku cha kwanza nilikifunga mimi, na kilikuwa cha marehemu mume wangu. Usiandike kwamba tulikuwa hatujui."

Alirudi ndani akaketi kwenye meza ya mizani, akaomba karatasi. Bi Rwegoshora alimletea mwenyewe, na kalamu, kisha akaenda kusimama mbali, amemgeuzia mgongo. Yaledi aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika vizuri akiwa mkubwa. Aliandika habari za maji, za mchanga, za malori na uji wa moto. Aliomba kituo cha kusimama tu: ardhi ya Chinyelele ibaki ilivyo, na watu wake wabaki walipo, na ulinzi wa mto uhesabiwe kuwa kazi. Kisha akafika kwenye ng'ombe. Kalamu ilisimama hapo, wino ukafanya tone.

Akaandika jina la Mbeleje, kisha jina la Madoa, la Kipara, la mwana wa Kipara, la Serikali. Akaandika na habari za watu wawili waliokataa, bila majina yao, ila kwamba walikuwapo na walikataa. Chini kabisa akaweka jina lake, na mahali pa cheo akaandika: *mzaliwa wa Chinyelele*.

"Umemaliza?" Bi Rwegoshora aliuliza bila kugeuka.

"Nimemaliza."

"Nisome?"

"Utaisikia ikisomwa, Mama."

Alitikisa kichwa kukubali. Nje jua lilikuwa limebakiza ukucha. Alikuja mezani, akaichukua gundi, akamsogezea.

Yaledi alikunja karatasi mara tatu, akaitia katika bahasha, akapaka gundi na kuikandamiza kwa dole gumba mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia. Ukutani kulikuwa na mdomo wa bomba la hewa lililopeleka hati za ofisi hadi Barazani. Kilichoingia humo hakikurudi. Aliishika bahasha kwenye mdomo ule. Ilikuwa nyepesi mno kwa watu waliokuwamo.

Bomba likavuta pumzi, likamnyang'anya.